Uyoga wa Ukurasa wa Tisa

Saida Muhidini alizipeleka sampuli mbili za kijitabu chake dirishani, akazirudisha mezani, kisha akazipeleka tena dirishani. Walimu wenzake wa shule ya Soweto, Mbeya, walishamzoea. Wiki nzima mwalimu huyu wa baiolojia hakuweza kukaa kitako. Mara asugue karatasi kwa kidole gumba, mara aikunje na kuikunjua, mara aidondoshee tone la maji aone kama wino utatoka.

Kijitabu kilikuwa cha kurasa kumi na sita, na kilihusu uyoga. Miaka miwili nyuma wifi yake, Jaha, alifariki huko Mafinga baada ya kula uyoga wenye sumu. Aliyeuokota alikuwa mumewe mwenyewe, Adamu, kaka yake Saida. Siku hiyo Adamu alichelewa kutoka kazini, akakuta chakula kimeshaliwa. Tangu hapo hakulizungumza jambo hilo na mtu. Saida naye akaingia msituni misimu miwili na kamera yake, akaandika maelezo, akachangisha misikitini na makanisani. Sasa ilikuwa Novemba, mawingu yanajikusanya. Mvua ikishashuka, watu wangeingia porini na vikapu.

Sampuli ya kwanza ilikuwa ya Clement, mchapaji wa hapo hapo Mbeya: karatasi ya kung'aa, herufi zimekaa, kingo zimekatwa sawasawa. Ya pili ilikuwa ya mzee Sifaeli wa Iringa, nayo ilikuwa imepooza.

"Mwalimu, hapa tunajadili nini?" aliuliza Anyitike, mwenyekiti wa kamati iliyosimamia michango ya kijitabu. "Ya Clement inavutia. Hiyo nyingine kama karatasi ya kufungia maandazi."

Saida alikuwa ameinamia ukurasa wa tisa wa sampuli ya Clement na kioo cha kukuzia. Uyoga wa sumu uliopaswa kuwa rangi ya chungwa iliyofifia ulikuwa mwekundu kama nyanya. Akaitia sampuli kwenye mkoba na kutoka bila hata kuaga.

"Picha yako ilikuwa imepauka, madam," Clement alimweleza dukani kwake. "Nikaing'arisha kidogo. Wateja wanapenda rangi iliyoshiba."

"Lakini ndivyo ulivyo ukinyeshewa! Unapauka, madoa yake yanaoshwa, unafanana na ule wa kuliwa. Hapo ndipo watu wanapopotea."

Clement alijikuna shingo. "Naweza kuirudisha. Ila nikuambie ukweli, kazi kubwa hivi huwa naipeleka Dar. Hata hiyo sampuli ilipigwa huko. Watakapoitoa, mimi sitakuwepo."

Kesho yake mchana Saida alikuwa Iringa, amesimama kwenye karakana ya mzee Sifaeli nyuma ya soko.

"Karatasi moja nzuri kila mchapaji anayo," mzee alisema huku akifuta mikono. "Wewe niombe ya kwanza kutoka mashineni, ya mia mbili na ya mia nne."

Mashine ikaanza kuunguruma. Saida alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye rafu za karatasi, akarudi, akaenda tena, mpaka mzee akamwomba asimame maana anamtia kizunguzungu. Karatasi tatu zilipowekwa mezani, hakuna iliyofanana na mwenzake. Ya kwanza ilikuwa hafifu, ya mia mbili imekolea kiasi, ya mia nne imeanza kuwa nyekundu.

"Mashine ikipata joto, wino unazidi. Ni kuisimamia tu," alisema mzee Sifaeli. "Wewe niambie ipi ndiyo yenyewe, nami niifuate."

Saida aliziinamia zote tatu, moja baada ya nyingine. Alikuwa ameitazama picha ile mara nyingi mno, macho yake hayakuamini tena rangi yoyote. Mtu mmoja tu angejua.

Adamu alikuwa akiranda ubao katika karakana yake ya useremala Mafinga. Alipoziona karatasi tatu mkononi mwa Saida alizima mashine, lakini hakunyoosha mkono.

"Naomba uniangalizie rangi, kaka."

"Mimi fundi mbao, Saida."

"Najua."

Adamu alijipangusa vumbi la mbao, kisha akazichukua na kutoka nazo nje kwenye mwanga. Ile ya mia nne akaiweka chini mara moja. "Huu hata mtoto angeukwepa." Akaiweka ya kwanza pia. Ya mia mbili ikabaki mkononi.

"Ni huu," alisema. "Nilimwita Jaha aje aone. Nikamwambia, leo tumepata ule uyoga wetu wa msitu wa miyombo mpaka huku. Akacheka."

"Ulikuwa umefanana mno, kaka."

"Usinifariji." Aliigeuza karatasi upande wa nyuma. "Niliuokota chini ya msonobari. Wa kwetu wa kuliwa huota kwenye miyombo, hauoti kule, na hilo nililijua kabla hata ya kuitazama rangi. Umeliandika?"

"Lipo. Ukurasa wa kumi na mbili."

"Nani atafika huko? Liweke kwenye jalada. Kwenye misonobari usiokote uyoga."

Saida alihisi uso ukimwaka. Misimu miwili alikuwa akifukuzana na rangi, na neno la kumwokoa mtu alikuwa amelifukia karibu na mwisho wa kijitabu.

Saida alimpigia simu Anyitike kwamba kazi ni ya mzee Sifaeli, kisha yeye na Adamu wakarudi Iringa pamoja. Mzee Sifaeli alilipanga jalada upya, maneno manne meusi ya kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na akaibandika ile karatasi ya mia mbili ukutani kando ya mashine. Adamu alijipa kazi bila kuombwa: kila baada ya karatasi hamsini alichomoa moja, akailinganisha na ya ukutani, na rangi ikizidi akapaza sauti mashine isimamishwe. Zilizoharibika akazichana mwenyewe.

Siku ya tatu mvua ilinyesha kwa kishindo juu ya mabati. Saida alikimbilia mlangoni.

"Tumechelewa," alisema.

"Uyoga hauoti leo leo," Adamu alijibu akifunga boksi la kwanza kwa kamba. "Shika huku. Tuanze na vijiji vya karibu na msitu. Habari ya Jaha nitawaambia mimi mwenyewe."