Mkono Uliozoea Gia

Pikapu mpya ilipoletwa, mzee wangu aliizunguka mara tatu, akayapiga matairi kwa kisigino, kisha akapanda na kukaa kwenye usukani. Tukamsubiri aiwashe. Wapi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unapapasa chini kama wa mtu anayetafuta kandambili gizani.

"Baba, unatafuta nini?" binti yetu akamuuliza.

"Klachi."

"Haina klachi, baba. Inabadilisha gia yenyewe."

Mzee akamtazama kama mtu aliyeambiwa kuna chungu kinachojipika.

Mume wangu aliendesha lori la mawe miaka thelathini na mmoja. Gia za lori lile zilikuwa na kiburi. Ukanyage klachi mara mbili, uiache injini ipige makelele mpaka ichoke, ndipo gia ikubali kuingia. Hata leo shavu la mguu wake wa kushoto ni nene kuliko la kulia, na fundi cherehani akimshonea suruali anajua. Alipostaafu alikaa nyumbani miaka miwili akinihamishia vyungu vyangu na kunifundisha kuchochea moto. Kwa hiyo binti yetu, ambaye ni fundi seremala, aliponunua pikapu ya kupelekea wateja vitanda na makabati, akampa baba yake ufunguo, nilishukuru kuliko yeye. Asubuhi ile nilimsikia akipiga mluzi bafuni. Mluzi ule nilikuwa nimeusahau.

Tatizo likawa mafuta. Tangi lililojazwa Jumatatu lilikauka Jumatano mchana, na kazi ni zilezile za mjini, mlango huku, meza kule. Binti akalipeleka gari kwa fundi makanika atafute linapovuja. Fundi akalala chini yake nusu saa, akatoka anajipangusa mikono.

"Halivuji popote," akasema. "Labda linavuja kwenye kiti cha dereva."

Mzee hakucheka.

Jumapili binti akaja nyumbani, bado ana vumbi la mbao kwenye nyusi. Akasema kwa heshima, lakini akasema. Kesho tangi linajazwa. Likifika Jumamosi jioni bila ile taa ya njano kuwaka, baba ataendelea. Taa ikiwaka, gari anapewa Taratibu.

Taratibu ni dereva wa mtaa wa pili, na jina hilo amelipata kwa haki. Watu husema kuku alishawahi kumpita barabarani.

"Yule?" mzee akasema. "Yule atafikisha kitanda bwana harusi akiwa na wajukuu."

"Atakifikisha, baba. Na mafuta yatabaki. Mwenda pole hajikwai."

Usiku huo alipiga viatu rangi mara mbili. Mtu akipiga rangi viatu ambavyo tayari vinang'aa, mwache, ana neno moyoni.

Jumatatu nikajifunga kitenge, nikapanda mbele.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Kuona watu."

Sikuja kuona watu. Nilikuja kumwona yeye. Nikakaa kushoto kwake, nikitazama mkono wake. Kijiti cha gia kipo hapo katikati yetu, na pembeni yake pana herufi D, ambapo binti alisema kikae, basi. Lakini ukikivuta kando kidogo, unakuta alama ya kujumlisha na ya kutoa, hapo dereva anabadilisha gia mwenyewe. Hizo alama nilizijua tangu darasa la pili. Kwanza nilidhani ukisukuma kwenye kujumlisha mafuta yanaongezeka.

Hatujafika hata kwa kinyozi, mkono wa mzee ukakivuta kijiti kando. Gari likawa linanguruma kwenye gia ndogo, ng'oo, ng'oo, haliendi kokote.

"Msikie," akasema kwa furaha. "Anaimba."

"Anaimba au analia?"

"Injini lazima ipate sauti kwanza, ndipo uibadilishie. Wewe hujui mambo haya."

Kweli sijui. Lakini nimepika kwa jiko la mafuta ya taa miaka mingi, na najua ukipandisha utambi mpaka moto upige kelele, maharagwe hayaivi mapema. Unachokiona ni moshi, na chupa imekwisha. Nikamwambia hivyo. Akasema gari si maharagwe.

Jumanne jioni mshale ulikuwa umeshuka nusu. Aliutazama muda mrefu. Kisha akaniahidi, kesho hagusi.

Jumatano tukabeba meza mbili na viti. Akaweka kijiti kwenye D, akashika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi. Tukapita kinyozi vizuri. Tukapita shule. Kwenye kilima kidogo cha msikiti, mkono wa kushoto ukateleza polepole, kama wa mtoto anayeendea sukari, ukakivuta kijiti.

"Mzee."

"Naam?"

"Mkono."

Akautazama. Wallahi, alishangaa kuliko mimi. "Umefikaje huko?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku zote nilidhani ni ubishi, kumbe mwenyewe hana habari. Mkono uliozoea kwa miaka thelathini na mmoja hauombi ruhusa. Kumgombeza mzee kungekuwa kumwonea, mkosaji ni mkono.

"Basi nipe mimi," nikasema.

"Nikupe nini?"

"Huo mkono. Niushike mimi. Kwenye kona nitakurudishia."

Akaangalia kulia na kushoto kama tunaiba. "Watu watatuona."

"Watatuona mume na mke. Wewe unataka wamwone Taratibu kwenye kiti hiki?"

Akanipa. Mkono mgumu, una sugu katikati ya kiganja pale kilipokuwa kinakaa kirungu cha gia ya lori. Nikauweka kwenye mapaja yangu, nikaufunika kwa ncha ya kitenge. Penye kona au penye watu wengi ninauachia. Barabara ikinyooka ninaudai.

Wakati wa kurudi, kwa kinyozi walipiga makofi. Mmoja akasema, "Bibi harusi anapelekwa wapi?" Mzee akapiga honi, na masikio yake, mtu mzima yule, yakabadilika rangi.

Baada ya hapo akawa anasikiliza. Gari likatoka gia moja kwenda nyingine kama mtu anayegeuka usingizini.

"Imebadilisha," akasema. "Umeisikia?"

"Sikusikia kitu."

"Ndiyo hivyo. Mapema mno, kabla hata haijapata sauti." Akautazama usukani. "Sasa kama inajua yote, mimi niko hapa kwa kazi gani?"

Kumbe neno la moyoni lilikuwa hilo. Nikaubana mkono.

"Kazi yako ni mbuzi," nikamwambia. "Gari halijui mbuzi akikatiza. Wala halijui mama mkwe wa nani amekaa barazani anasubiri kitanda, ashuke mtu amwamkie vizuri."

Akaguna, lakini mguno wa kuridhika ninaujua.

Alhamisi na Ijumaa mshale ulishuka kwa aibu, kidogo kidogo. Jumamosi ilikuwa kabati kubwa la mninga la kupeleka kwa mwalimu mmoja juu mlimani. Kupanda tulipanda salama. Kufika huko, mwalimu akalitazama, akakuta milango inafungukia upande usio wake. Ikabidi lirudi karakana, uzito uleule, na mteremko mbele yetu.

Gari likaanza kukimbia. Mzee akakanyaga breki, ikanuka.

"Mama," akasema taratibu, "nirudishie mkono wangu."

Nikamtazama usoni. Safari hii alikuwa ameuomba. Nikaurudisha.

Akakivuta kijiti kando, akagonga mara moja kwenye kutoa, kisha tena. Injini ikalishika gari, tukashuka kama tunashuka ngazi, breki imepumzika. "Hapa ndipo mahali pake," akasema. Chini kabisa akarudisha kijiti kwenye D mwenyewe, akanyoosha mkono, akauweka mapajani kwangu bila kuambiwa.

Binti alikuwa amesimama kwenye geti la karakana, amechomeka penseli sikioni. Hata kabati lililorudi hakuliuliza. Akaingiza kichwa dirishani, akatazama mshale. Ulikuwa umebakiza kidogo tu kulala chini. Taa haikuwaka.

"Mmefanyaje?"

"Udereva una siri zake," mzee akajibu.

Binti akayashusha macho kwenye kitenge changu, akaona kilichofunikwa. Akauma mdomo asicheke mbele ya baba yake.

"Basi Jumatatu saa mbili," akasema. "Dereva na utingo wake."

Akaenda kuita vijana washushe kabati. Nikamwambia mzee aniachie sasa, tumefika, nina maharagwe yangu nyumbani.

"Subiri," akasema. "Injini bado inawaka."