Kisima cha Shami

Kupandisha maji Kigali si mchezo. Maji yako bondeni, watu wako vilimani, na kila dumu linalofika juu limesukumwa kwa umeme. Umeme nao haupatikani kwa dua. Ndiyo maana kila asubuhi Bwana Castory, mkuu wa mafundi wa idara ya maji, aliwaimbia watu wake wimbo uleule: "Bomba likivuja, tumelipa umeme wa kumwagilia udongo. Bei ikipanda kesho, atakayeumia ni maskini."

Winifred ndiye aliyekuwa sikio la idara. Alitembea na fimbo ya chuma, ncha moja ardhini, nyingine sikioni, akisikiliza mabomba yaliyofukiwa. Alikulia Karagwe, akarudi Rwanda msichana mkubwa, na sikio lake, jamani, halikuwa la kawaida. Bomba likivuja hata kwa tundu la sindano, yeye alilisikia.

Siku moja alitumwa mtaa wa Rwezamenyo. Nyumba za juu kabisa zilipata maji mara moja kwa juma, tena kwa kudondoka. Praxeda, muuza chapati wa huko juu, alimbana mlangoni. "Dada, mnatuonea! Pampu zenu zinanguruma kutwa, hapa nafulia mate. Maji yanakwenda wapi?"

Winifred akaweka fimbo ardhini. Akashuka na njia ya bomba, hatua kwa hatua, akisikiliza. Mvumo ukazidi, ukazidi, ukamfikisha uani kwa Mama Shami. Hapo akasita.

Maana nani mtaani asiyekijua kisima cha Shami? Shami alikuwa mtoto wa pekee, akagongwa na lori kule Nyabugogo, akafa, miaka miwili iliyopita. Siku ya arobaini, watu wakiwa wanasoma hitima, maji yakabubujika kando ya ukuta. Mama yake akalia kwa furaha, akasema Mungu amempokea mwanawe. Akauza cherehani yake, akajengea saruji, akaandika jina la marehemu, na maji yakawa sadaka: mwenye shida achote bure. Asiye na pesa ya maji alichota hapo, mwenye kutia udhu alitilia hapo, na kila mmoja alisema, "Mungu amrehemu Shami." Hakuna aliyeuliza chemchemi imepandaje katikati ya kilima wakati wa kiangazi. Nani ana uso wa kuuliza jambo kama hilo kwa mfiwa?

Winifred akakinga maji kwenye kichupa, akatia dawa ya kupimia. Yakawa ya waridi. Maana yake yalikuwa na klorini, na chemchemi haina klorini. Yalikuwa maji ya bomba, yaliyosafishwa na kusukumwa kutoka bondeni.

"Umeona nini, mwanangu?" Mama Shami alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Bado naangalia, mama," akajibu, na huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini. Akapokea chai, akaiweka chini. Angeweza kuandika kwamba hakuna kitu. Nani angembishia? Sikio lilikuwa lake peke yake. Lakini akamkumbuka Praxeda na madumu yake makavu, na roho ikamsuta.

Mama Shami akaketi juu ya saruji. "Umeme ukikatika, maji haya hukatika. Nimeliona hilo mwaka mzima. Nikajiambia ni siri ya Mungu. Lakini Mungu hangojei umeme, au vipi?"

Winifred akainamisha kichwa. "Ni bomba letu, mama. Limepasuka chini ya ukuta wako. Nisamehe."

"Na haya maji yalikuwa ya nani?"

"Ya watu wa juu. Akina Praxeda."

"Subhanallah." Akashika kifua. "Miaka miwili namtolea mwanangu sadaka ya haki ya watu! Haimfikii, Winifred. Cha mwenzio hakimfikii maiti. Liziba."

"Mama, tunaweza kungoja kidogo..."

"Liziba, nimesema!" Kisha akalia kwa sauti, majirani wakatoka, na Winifred akalia naye.

Kesho yake mafundi wakachimba. Bwana Castory alikuja mwenyewe, akavua kofia, akamwambia Mama Shami kwamba idara itaweka bomba la mtaa papo hapo, kwa bei ya chini kabisa, ili wanyonge wasikose. Mama Shami akashukuru, lakini macho yake hayakutoka shimoni.

Mchana bomba likazibwa, maji yakafunguliwa. Simu ya Winifred ikalia. Praxeda alipiga kelele hadi wote wakasikia: "Yanatoka! Yanatoka kwa nguvu, dada!"

Winifred akasimamisha fimbo juu ya bomba, akasikiliza, akampa Mama Shami naye asikilize. Mama huyo akaweka sikio, akafumba macho. Mvumo wa kuvuja ulikuwa umekwisha.

Mafundi wakashika makoleo.

"Ngojeni," akasema Mama Shami. "Siku ya kumzika mwanangu walikwenda wanaume. Mimi niliachwa ndani na wanawake wenzangu, kama ilivyo ada."

Akapiga magoti ukingoni. Akatupa udongo kwa mkono wake, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akainuka, akajipangusa viganja.

"Haya," akasema. "Fukieni."