Maji ya Boila kwenye Mchungwa wa Paskazia

Mimi Tobias nimesema uongo mwingi, na sehemu kubwa haikumdhuru mtu. Nimewaambia watu kwamba nilipokuwa Puge nililima boga ambalo kuku aliingia akatotoa ndani yake, vifaranga wakakua humo humo, wakaoana, na wajukuu wao ndio waliotoboa tundu wakatoka. Nimesema babu yangu, mpagazi wa misafara, alibeba pembe ya ndovu kutoka Ujiji mpaka Tabora bila kuitua, hata usingizi aliulala amesimama. Ukweli ni kwamba babu aliuza karanga pale Gongoni, na bega lake halikuwahi kubeba kitu kizito kuliko kanzu yake. Watu walicheka, wakaniongezea chai. Uongo wa maji ya boila mwisho wake haukumchekesha mtu.

Ilikuwa mwaka wa arobaini na tisa, mwaka ambao mvua iliisusa nchi nzima. Nilikuwa nimestaafu reli hapa Tabora miaka mitano kabla, baada ya miaka ishirini na sita ya kuosha maboila ya injini za treni. Mtu aliyezoea kelele za karakana akikaa nyumbani kimya anaweza kuwa kichaa, kwa hiyo nikajitia katika bustani. Tulikuwa na kikundi. Hatukulima kwa kuuza. Tulilima kwa kujisifu. Kila Jumapili baada ya misa tulikwenda ua wa mmoja wetu kuonyeshwa alichobuni. Nikolaus, aliyekuwa karani wa posta, aliotesha vitunguu katika madebe aliyoyatundika ukutani. Mkewe Benedikta alizungushia matuta yake chupa za bia zilizopinduliwa, na hakuna aliyethubutu kuuliza nani alizimaliza bia zenyewe. Sylvester, fundi seremala, alizitengenezea nyanya zake kichanja kwa mbao za masanduku ya chai, kizuri kuliko kitanda changu. Kila chenye akili kilinakiliwa na wote kabla ya Jumapili ya pili. Sheria yetu ilikuwa moja tu: hakuna kuficha ujuzi.

Zamani alikuwapo pia Elieza wa Ipuli, Mmoraviani, mtu makini asiyecheka ovyo. Huyo alituhama. Nilisema mbele za watu kwamba matuta yake yamefanana na makaburi, akachukua kofia yake. "Nyinyi si wakulima," alisema, "nyinyi ni wapiga porojo mlioshika jembe." Hakurudi tena.

Katika sisi wote, aliyekuwa na mkono hasa ni Paskazia, mke wa Sylvester. Kubebesha miti alijifunza kwa kumchungulia bruda mmoja wa misheni juu ya ua. Alichukua jicho moja la mchungwa mtamu, dogo kama punje ya mtama, akalichomeka chini ya gamba la mche wa mlimau mkali, akalifunga kwa ukanda wa mgomba. Jicho likashika. Akaukata mlimau juu yake, na mchungwa ukapanda. Pale ilipoungana pakabaki kovu, kimo cha goti. Chini ya kovu mlimau wenye miiba; juu yake machungwa ambayo ukiyamenya, juisi inakufikia kiwikoni. Alitugawia macho ya mti ule: moja akampa Nikolaus, moja mimi, moja Elieza kabla hatujagombana. Basi.

Paskazia alifariki mwezi wa Machi, mwaka wa arobaini na nane. Watoto wao wawili walikuwa wametangulia wakiwa wachanga. Picha hakuacha, maana kila mpiga picha alipopita, mwenyewe alisema atapigwa akipata gauni jipya. Kwa hiyo Sylvester alibaki na nyumba, msumeno, na mti.

Kufikia Septemba, bomba la mtaani lilitoa maji saa mbili kwa siku, debe moja kwa kila nyumba. Vitunguu vya Nikolaus vilikauka kwenye madebe yao. Sylvester akawa anaogea kikombe kimoja na maji yanayobaki anaupelekea mchungwa. Jumapili moja alituambia, akiwa ameinamisha kichwa:

"Mimi sitaki chungwa mwaka huu. Nataka tu mvua iukute."

Sasa mtu mwingine angenyamaza, lakini mimi ni Tobias.

"Maji yapo," nikasema. "Kila wiki kwenye banda la injini wanamwaga maji ya boila chini, pipa kwa pipa. Mlinzi ananijua. Na mabomba ya boila yaliyochoka yamelala pale kwenye majani hayana mwenyewe. Tutayazika kandokando ya mizizi tukiwa tumeyatoboa matundu ya sindano, pipa litakaa juu ya matofali, maji yatadondoka usiku na mchana. Mti utanyonya kama mtoto. Huu ni ujuzi wa babu yangu. Wapagazi walizika vibuyu vilivyotobolewa njia nzima kutoka Ujiji, ndiyo maana njia ya misafara ina kivuli."

"Babu yako yule wa pembe?" akauliza Benedikta.

"Huyo huyo."

"Alizika vibuyu saa ngapi, na pembe haikutuliwa begani?"

Wakacheka wote, hata Sylvester, na huyo alikuwa hajacheka tangu mazishi. Kicheko kile ndicho kilichoniponza. Nilijiona nimemfufua mtu.

Siku ya kwanza tulipokinga maji pale bandani, yalikuwa ya moto bado, mekundu kwa kutu. Sylvester aliyachota kiganjani, akayasugua kwa vidole.

"Tobias, mbona yanateleza hivi?"

Nusu ya jibu niliijua. Miaka ishirini na sita nilikuwa nikiona unga mweupe ukimiminwa magunia kwa magunia ndani ya maji ya injini ili boila lisishike ukoko. Sikuwahi kuuliza ni unga gani. Niliuita dawa kwa sababu kila mtu pale aliuita dawa.

"Ndiyo nguvu yenyewe hiyo," nikamwambia. "Wanatia dawa ya kulinda chuma. Kitu kinacholinda chuma, bwana, kitashindwa na mchungwa?"

Akanitazama kama mtu anayetaka sana kuamini, akajaza pipa.

Mtambo ule, lazima niseme, ulikuwa mzuri. Sylvester alitoboa yale mabomba kwa mkono wa fundi, matundu yote sawa, akaweka na kizibo cha mti cha kupunguza kasi. Wiki ya kwanza majani yaliyokuwa yamejikunja yalikunjuka. Habari zikaenea. Jumapili ya pili Nikolaus alikuwa na mtambo wake, na mimi wangu. Tulitembeleana tukisikiliza maji yakidondoka ardhini kama watu wanaosikiliza redio.

Wiki ya tatu kingo za majani ziliungua, kahawia, kama zimepitiwa na pasi. Udongo ukafanya ukoko mweupe. Sylvester alikuja kuniita.

"Huu weupe ni nini?"

"Jasho," nikasema. "Mti unanenepa. Ng'ombe akinenepa hatoi jasho?"

"Ng'ombe wa wapi huyo?"

"Wa Puge."

Hakucheka. Lakini alirudi akajaza pipa tena, kwa sababu nilisema. Na mimi, nilipoona wangu nao unaungua, nilijiambia unanenepa.

Aliyetuzindua ni Benedikta. Alikuwa anapalilia nyumbani kwake, akauona ule weupe, akabandua kipande, akakiweka kwenye ulimi. Alikuja kwangu bila viatu, ulimi bado nje.

"Haya ni magadi!"

"Magadi gani, mama?"

"Unaniuliza mimi magadi gani? Miaka thelathini napikia maharage, nisijue magadi? Mmeimwagia miti magadi wiki tano! Hata mlenda nikiutia zaidi ya kipande cha ukucha hauliki. Tobias, wewe boila uliliosha kwa macho au kwa makalio?"

Safari hii babu sikumtaja; nilivaa viatu.

Tulikimbilia kwa Sylvester, tukalichomoa pipa. Nikolaus akaleta debe lao la siku ile, nami langu, Sylvester akatoa lake, tukamwaga yote chini ya mti kuosha udongo, ingawa madebe matatu kwa udongo ule ni kama mate. Majani yalikuwa yameanza kudondoka yakiwa bado na kijani katikati. Sylvester alitoa kisu, akawa anakwaruza kijiti kimoja kimoja kutafuta jicho hai, walau moja, alibebeshe kwenye mche mwingine mvua zikija. Alianzia vilele akashuka. Kila alipokwaruza, ndani ni kahawia. Alipofika matawi manene Nikolaus akampokea kisu.

"Wa kwako?" Sylvester akamuuliza.

"Umekwisha, ndugu yangu. Jana nimeukwaruza."

Hakuniuliza wa kwangu. Alijua aliyebuni mtambo hangeuacha wake bila pipa.

"Elieza," akasema Benedikta. "Elieza hakuwemo. Yuko Ipuli, ana mti wa Paskazia, na hasemi na sisi."

Sijawahi kushukuru ugomvi kama siku ile. Tulitembea wanaume watatu mpaka Ipuli juani, Sylvester mbele na kisu chake na kitambaa kibichi cha kufungia jicho. Njiani nilitunga maneno ya kumwomba Elieza radhi, na yote yalikuwa ya kweli, kwa hiyo yalinitoka kwa shida. Nilikuwa tayari kupiga magoti. Nilikuwa tayari kuyaita makaburi yake matuta.

Elieza alikuwa barazani. Alituona kutoka mbali, akasimama, akatusalimu kwa Kinyamwezi, kwa heshima zote.

"Mwangaluka, wazee."

"Elieza," Sylvester akasema, hata salamu hakuijibu vizuri, "nimekuja kukuomba jicho. Moja tu. Wa Paskazia umekufa."

Elieza akamtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama chini. Alitembea kuelekea nyuma ya nyumba, nasi tukamfuata.

Mti wake ulikuwa umesimama katikati ya yale matuta yake yaliyonyooka, na kando ya shina lake, juu ya matofali, lilikaa pipa. Bomba la boila lilitoka chini ya pipa likaingia ardhini. Udongo ulikuwa mweupe pe.

"Nani alikuonyesha?" Nikolaus akauliza kwa sauti ndogo.

"Nilimuuliza mlinzi wa bandani," akasema Elieza. "Nilisikia mmepata njia. Niliona aibu kuja kuuliza kwenu, kwa hiyo nilipitia ukuta wa Sylvester siku mkiwa kanisani, nikapima kwa macho. Maji nimekuwa nikiyaleta kwa baiskeli, madebe mawili mawili, nikizungukia njia ya nyuma msinione." Akamgeukia Sylvester. "Nilitaka mti usalimike. Ulikuwa mti wangu mzuri kuliko yote."

Sylvester aliukwaruza hata hivyo. Alikwaruza tawi hadi tawi, polepole, na Elieza akimshikia matawi yaliyo juu. Hakuna aliyemwambia aache. Alipomaliza alikunja kile kitambaa kibichi mara nne, akakitia mfukoni, tukarudi. Ombi langu la radhi sikulitoa. Sikujua tena nimwombe nani kwanza.

Mvua ilinyesha wiki ya mwisho ya Novemba, nyingi, ya kejeli, mpaka mifereji ikafurika. Kila kitu Tabora kikawa kijani, hata paa la kanisa likaota majani. Mchungwa wa Paskazia ulisimama mweusi katikati ya neema hiyo. Halafu, siku chache kabla ya Noeli, ukachipua.

Majirani walijaa uani. "Umerudi!" walisema. "Mama Paskazia huyo, hakubali kuondoka!" Benedikta alinishika mkono kabla sijaingia, akanivuta pembeni.

"Tobias, nisikilize. Akikuuliza, mwambie ni mchungwa wa Paskazia. Wewe kusema uongo si kazi kubwa. Huu mmoja utakuwa na faida."

Sylvester alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Chipukizi lilikuwa refu kama kidole, la kijani kali, na tayari lilikuwa na miiba. Alikuwa ameweka dole gumba juu ya kovu, kama mtu anayeshikilia mahali kwenye kitabu asipoteze alipofikia.

"Macho yangu ni ya uzee," akasema. Seremala yule alikuwa anaona msumari ulioinama kutoka ng'ambo ya barabara. "Hebu niambie wewe. Limetoka juu ya kovu au chini yake?"

Uongo ulikuja wenyewe, umenona, umevaa viatu. Ningeweza kumpa miaka mitatu ya kuungojea mlimau uzae machungwa. Angeupalilia, angeumwagia maji. Kisha ungezaa malimau.

"Chini," nikasema.

Benedikta alifunika uso kwa khanga.

"Chini," akarudia Sylvester, akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesomewa kipimo cha mbao. Akainuka, akafuta magoti. Akawashukuru majirani kwa kuja.

Jumapili iliyofuata zamu ilikuwa yake kutupokea. Nilidhani angeahirisha. Tulimkuta amepanga viti, vikombe vimeoshwa, chai imeiva. Pale kwenye shina alikuwa amemfunga mbuzi kwa kamba fupi, na mbuzi alikuwa ameshamaliza majani ya lile chipukizi, anatafuna kikonyo.

"Karibuni," akasema Sylvester. "Kaeni. Leo sina cha kuwaonyesha."

Tukakaa, tukanywa chai mpaka mbuzi akamaliza kikonyo.