Nusu Kichwa

Kinyozi alikuwa na tabia moja mbaya: kila akipata la kusema, alizima mashine. Sasa upande wa kushoto wa kichwa cha mwalimu ulikuwa mweupe, wa kulia bado msitu, na mashine kimya.

"Gemu ni ushetani," alisema kinyozi. "Mtu mzima na ndevu zake anabonyezabonyeza vitufe! Au nadanganya, mwalimu?"

Mwalimu, aliyecheza jana mpaka vidole vikafa ganzi, aliutazama mlango. Barazani walijaa wanafunzi wake. Angetokaje hivi?

"Hudanganyi," alijibu kinyonge.

Mashine ikawaka. Ikazimwa tena kwenye dini, kisha kwenye mavazi ya kina dada. Mwalimu akaitikia yote.

"Wewe tunaelewana," kinyozi alimwambia, akimpangusa shingo. "Kila Jumamosi kiti hiki ni chako."