Beri ya Porini kwa Tusekile

Usiku wa kuamkia leo, nikiwa nimelala gesti hapa Makambako, niliota mdogo wangu Tusekile anashika kutu.

Tulimzika kwetu Rungwe mwaka juzi. Lakini ndotoni yuko jikoni kwake, anachambua maharage kwenye ungo kama kawaida, na mkono wake wa kushoto umekuwa bati kuukuu. Akiupinda, unalia.

"Kaka, usinikodolee macho," anasema. "Ni hewa tu. Hewa inatula sote, polepole."

"Dawa yake?"

"Tunda la beri nyeusi. Kwenye ule weusi wake mna kinga ya kutu. Nenda sokoni, ila wahi. Kutu imeshafika kwapani."

Nilifungua mlango wa jikoni nikatokea sokoni. Muuzaji alikuwa mizani yenyewe. Juu ya meza, beri tatu zilikuwa zimekaa kila moja na kiti chake.

"Nani kati yenu ana kinga nyingi?" niliuliza.

Ya kwanza ilikuwa nene, inang'aa, ya shambani, mche wake hauna mwiba hata mmoja. "Mimi nimezaliwa kwa vikao," ilisema. "Wataalamu walikaa wakakubaliana. Kinga ninayo, ya wastani. Walitaka niwe tamu, mzee, si niwe askari."

Ya pili ilikuwa bado nyekundu. "Nisubirini! Weusi wangu uko njiani!"

"Nyamaza," mizani ikaiambia.

Ya tatu ilikuwa ndogo, ya porini. "Mimi nimezaliwa na ndege. Alinidondosha kando ya njia, hata hakugeuka. Jua, ukungu, wadudu, vyote nimepambana navyo peke yangu. Ndiyo maana niko mweusi hivi."

"Utamponya mdogo wangu?"

"Kutu ikija kumla, nitaliwa mimi badala yake. Ufundi wetu ndio huo tu. Ila namtosha mtu mmoja tu."

"Huogopi?"

"Naogopa," ilisema, ikashuka kitini ikaingia mfukoni mwangu.

Njia ya kurudi ilipita juu ya mapaa ya mabati, yote mekundu kwa kutu.

"Pole kwa msiba," mapaa yakaniambia.

"Bado hajafa."

"Haya," yakasema.

Nafika, kutu iko shingoni. Nampa beri kwa mikono miwili. Anaipokea, anaisuuza, anaiweka kwenye sahani nzuri, ananiletea na maji ya kunawa. Anapiga goti, goti linakwaruza.

"Karibu, kaka."

"Si yangu hiyo! Kula wewe!"

"Kwangu mgeni hali mwisho."

"Mgeni nani? Tumenyonya ziwa moja!"

"Mtu ambaye kila akija namtandikia mkeka wa wageni, nimwiteje?" Alicheka, na kipande cha shavu kikaangukia kwenye maharage. "Mzururaji wewe. Nikikuacha na njaa, mama atanisema nini huko?"

"Tusekile, nakuomba."

"Na mimi nakuomba."

Kwetu ukikataa chakula cha mwenyeji umemtukana, na huyu sikuwahi kumtukana. Alikuwa ananitazama kwa jicho moja. La pili lilishaziba.

Nikala. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniuma.

"Afadhali," akasema.

Kisha pale alipopiga goti pakabaki rundo dogo la vumbi jekundu. Niliita jina lake. Ungo ukamalizia maharage wenyewe.

Nimeamka kumekucha. Jana nilikula wali na samaki. Beri sijaitia mdomoni miaka mingi. Ulimi ukagusa kitu kigumu kati ya magego. Nikaenda kwenye kioo, nikapanua mdomo. Kimbegu kimoja, na pembeni yake doa la zambarau.

Dada wa gesti ameleta chai muda mrefu sasa.

"Babu, mbona hunywi? Inapoa."

"Iache ipoe," nimemwambia. "Nikinywa, itakiondoa."

"Itaondoa nini?"

Nimefunga mdomo.