Yetu ya Adabu

Kule mjini alikotoka, msusi alilala katika chumba ambacho ukinyoosha mkono kutoka kitandani unazima jiko. Kila mwaka mwenye nyumba alipandisha kodi, na kila mwaka alimwambia huku anatabasamu, utadhani anamletea kadi ya harusi. Mwanamke akasuka vichwa vya watu mpaka vidole vikagoma kunyooka asubuhi, na hata kiti alichosimama nyuma yake kutwa nzima kilikuwa cha kukodi. Kodi ilipopanda tena, alicheka peke yake. Akasema basi, mji wenu kaeni wenyewe. Katika nchi ya joto alikozaliwa maisha hayakabi watu koo namna ile, na huko nyumba ilikuwa imeshasimama. Aliijenga kwa vidole hivyohivyo, mdogo wake akisimamia mafundi.

Ramani aliichora mwenyewe. Chumba cha mbele kikubwa, dirisha la kutazama barabarani, mabomba mawili ukutani kwa ajili ya masinki ya kuoshea nywele. Hapo ndipo angefungua saluni yake. Mpango wa pili hakuwa nao. Kwa umri ule na mgongo ule, nani angemwajiri?

Akafika na mizigo yake, jua limemkaa utosini. Akafungua mlango wa chumba cha mbele, akapokewa na vifaranga.

Vifaranga, ndiyo, chumba kizima. Taa zinaning'inia, maranda ya mbao yamemwagwa sakafuni, na ile harufu inayokupiga puani kabla hujapiga hodi. Mabomba yake mawili yamevalishwa mipira ya kujazia vyombo vya maji ya kuku.

"Wifi, rudisha mlango, wanapata baridi," alisema mke wa mdogo wake, kwa sauti ya mtu anayemkanya mtoto wa jirani.

Baridi! Nje jua linakausha mate mdomoni. Na msusi, kwa mshangao, akaurudisha mlango. Huo ulikuwa ujinga wake wa pili. Wa kwanza tutaufikia.

Akapewa chumba cha uani kilichokuwa stoo. Magunia ya chakula cha kuku yamesogezwa upande mmoja, godoro limetupwa upande wa pili. Mama yao, ambaye alihamia humo na mwanawe tangu nyumba ilipoezekwa, alimkumbatia akampa pole ya safari, kisha akamtupia jicho mkwewe kabla hajaongeza neno. Msusi aliliona lile jicho. Likamchoma kuliko harufu ya kuku.

Basi vita vikaanza, vile vya ndani kwa ndani visivyo na kelele. Sabuni ya msusi ikawa inayeyuka bila kuguswa. Akiweka chai jikoni, gesi imefungwa. Akilala mchana kidogo, mtu anatwanga kitu dirishani kwake. Wifi mtu akawa anasema na sufuria zake kwa sauti: "Wengine kwa kuzoea mashine, hata ufagio hawaujui unashikwa upande gani." Mdogo wake, fundi bomba, mtu mpole wa kukera, aliondoka kazini asubuhi na kurudi jioni akimkubalia kila aliyeongea naye mwisho. Lakini haki yake tumpe yule wifi: kwa ubaya wake wote, ndiye aliyemkanda mama magoti kila jioni, na wala hakumkanda kwa kununa.

Siku moja uvumilivu ukamwisha msusi. Akamfuata wifi yake bandani, yaani kile chumba cha mbele.

"Hawa vifaranga wanatoka lini?"

"Watoke waende wapi?"

"Popote. Hiki chumba ni saluni yangu."

Wifi akaweka kopo chini, taratibu kabisa. "Yako? Siku ya kuezeka uliongea na sisi kwenye simu. Tuliiweka spika, mafundi wanasikia, majirani wanasikia. Ulisema, hongereni, nyumba yetu imekamilika. Yetu. Leo imegeuka yako?"

Haya, ujinga wa kwanza ndio huo. Sasa wewe uliyelelewa na lugha hii, niambie, ungesemaje? Nani mwenye adabu anasema "yangu" mbele ya ndugu zake? Mtu anaishi peke yake, hana hata paka, bado atakwambia "jana kwetu maji yalikatika". Yetu ile ni ya adabu tu, sawa na kuvua viatu mlangoni. Msusi alivua, wifi yake akavivaa akaondoka navyo.

Ikabidi aitwe mjomba wao, mzee aliyekuwa karani wa mahakama na bado anaongea kama kuna mtu anaandika. Wakakaa wote ukumbini. Mjomba akamuuliza mdogo mtu nani aligharamia ujenzi. "Dada," akajibu, anaangalia vidole vya miguu yake. Akamgeukia msusi.

"Utasema mwenyewe, mama yako akisikia. Ukisema nyumba ni yenu, tutagawa vyumba, kila mtu apate upande wake. Ukisema ni yako, ni yako, na hawa watahama. Nyumba ni ya nani?"

Wifi alikuwa anatabasamu. Alijua ulimi wa yule mwanamke ulivyofundwa. Mama akanong'ona, "Sema yetu, mwanangu, yaishe." Na laiti lile tabasamu lisingekuwepo, angesema. Lakini alilitazama, akamwona yule mwenye nyumba wa kule mjini na kodi zake.

"Yangu," alisema. "Nyumba yangu. Chumba changu. Mabomba yangu. Na mlango ni wangu, nitaufunga nikitaka."

Tabasamu la wifi likadondoka, na msusi akasikia raha, raha tamu ya kulipiza, wala hakuona haya nayo.

Hawakukawia kuhama. Vifaranga wakapangwa kwenye maboksi, mipira ikafunguliwa. Msusi alikuwa amepiga magoti anasugua sakafu ya saluni yake kwa dawa, anaimba kabisa, alipomwona mdogo wake anapita dirishani na kitanda cha mama.

Akatoka mbio, mikono inachuruzika povu. "Hicho unakipeleka wapi?"

"Ninaondoka na mama yangu."

"Mama yetu," alimsahihisha.

Yule mpole, ambaye hajawahi kumjibu dada yake tangu azaliwe, alikitua kitanda chini, akamwangalia usoni. "Mama yangu," alisema, akakibeba tena.

Mama naye akatoka, amejitanda vizuri, mkoba begani, anajikongoja amemshika mkwewe mkono. Msusi akamzibia njia. Akamwambia mama, wewe hakuna aliyekufukuza, chumba chako kiko palepale, mimi nimerudi ili niwe na wewe, nitakukanda mimi hayo magoti.

"Najua," alisema mama. "Lakini miaka yote hii nilifikiri niko kwangu. Kumbe nilikuwa nimefikia kwa mtu."

"Mama, ni maneno tu yale. Nilikuwa na hasira."

"Nilikuwa nimekaa pale, mwanangu. Niliyasikia."

Wifi akamfungulia mama mlango wa gari walilokodi, akamsaidia mguu mmoja, kisha wa pili, wala hakumtazama msusi. Gari likawashwa. Mama akashusha kioo, akampa binti yake mkono kupitia dirishani, kwa heshima zote, kama watu wanavyomuaga mwenyeji wao.

"Haya, tunashukuru kwa malazi," alisema. "Ukipata nafasi siku moja, karibu kwetu."