Mkasi wa Kinyozi

Mashine ya kunyolea ilimponyoka kinyozi, ikamchimba mteja mfereji kisogoni. Alipotaka kuomba radhi, mdomo ulikwenda upande, maneno yakatoka kama uji. Mteja alimwuliza tangu lini analewa kabla ya chai. Wenzake wakacheka. Mwenye duka hakucheka. Alimtupia mkoba wake nje, mkasi ukiwa ndani.

Dada yake ndiye aliyemfikisha hospitali, akimkokota, upande wake wa kulia umekwisha kufa ganzi. Mapokezi walisema kiharusi ni cha wazee. Kijana huyu aulizwe amevuta nini. Daktari mmoja tu ndiye aliyemsikiliza kifua kwa makini. Alimweleza dada kwamba huenda ndani ya moyo kumeota uvimbe laini, unaomeguka. Kipande kimepanda na damu hadi kwenye ubongo. Upasuaji ungeutoa, lakini kwanza moyo upigwe picha, kabla kipande kingine hakijameguka.

"Mashine ya kupigia ipo?"

"Ipo, dada. Chumba kile chenye utepe."

Mgeni rasmi alikuwa ameahirisha tena kuja kuizindua. Dada alimwendea msimamizi wa hospitali.

"Mama, nani atakubali kuzindua kitu kilichokwisha kutumika?"

"Basi na ugonjwa tuuahirishe, baba?"

Msimamizi alimwambia subira yavuta heri, akarudi kwenye simu yake.

Mgeni alipokuja, kinyozi alikuwa amepigwa na kiharusi mara ya pili, hasemi kabisa. Dada alimsogeza kwa kiti cha magurudumu hadi karibu na mlango. Muuguzi akaja akihema: mkasi wa sherehe umesahaulika. Dada alitoa ule wa mkobani, kwa sharti mdogo wake awe wa kwanza kupigwa picha. Muuguzi akaitikia kwa kichwa bila kumtazama.

Utepe ukakatwa. Kitandani alilazwa mfagizi wa hospitali, mzima kama kigongo. Mgonjwa, walisema, angeitia sherehe nuksi. Kwenye kioo moyo wake ulidunda safi.

"Mnauona? Huo ndio moyo," alisema mgeni rasmi. Makofi yakapigwa.

Fundi aliyekuja na mgeni alizima mashine, akafunga mlango, akaufuata msafara. Wa kuiendesha bado hajaajiriwa. Mkasi nao uliondoka na mgeni, kumbukumbu.

Dada aliinama kumfuta mdogo wake mate. Mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, ulikuwa mapajani, vidole viwili vikiachana na kukutana, vikikata hewa.